Kupwa na Kujaa kwa Bahari: Historia Iliyoandikwa Katika Nasaba ya Nguva

Katika maji machache yaliyo baina ya mdomo wa Mto Rufiji, Kisiwa cha Mafia na Kilwa huishi mnyama ambaye wavuvi wengi wa leo wamezisikia habari zake kuliko walivyomwona kwa macho. Mnyama huyo ni nguva. Hadithi za pwani humweleza kuwa nusu mtu na nusu samaki. Elimu ya viumbe humweleza kuwa ni mnyama anyonyeshaye watoto wake na kupumua kwa mapafu, mwenye udugu wa karibu zaidi na tembo na pimbi kuliko na nyangumi au pomboo, ambao kwa umbo huelekea kufanana naye. Chakula chake ni nyasi za bahari, nazo nyasi hizo huota mahali ambapo mwanga wa jua hufika chini. Kwa hiyo maisha ya nguva yamefungamana na maji machache ya kandokando ya pwani, kama maisha ya mfugaji yalivyofungamana na malisho.

Mwezi wa Desemba 2022 Shirika la Kimataifa la Hifadhi ya Maumbile lilimtia nguva wa Afrika ya Mashariki katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wakomavu waliokadiriwa kubaki katika eneo lote hilo walikuwa chini ya 250, na wengi wao wakiwa katika Ghuba ya Bazaruto, nchini Msumbiji. Wakati huohuo, katika maji ya kaskazini mwa Australia nguva huhesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Tofauti hiyo huzusha swali ambalo si la kipuuzi. Ikiwa nguva ni wa aina moja tu duniani kote, na ikiwa wako wengi Australia, basi kuna hasara gani wachache waliobaki huku kwetu wakitoweka? Je, si jambo linalowezekana kuleta wengine kutoka huko, kama mfugaji aletavyo mitamba kutoka zizi la jirani? Ili kulijibu swali hilo hapana budi kwanza kuijua historia ya bahari yenyewe, na pili kujua namna historia hiyo ilivyoandikwa ndani ya miili ya wanyama.

Bahari haikuwa hapa ilipo

Kila mkazi wa pwani anajua kwamba bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kwamba wakati wa bamvua maji huenda mbali kuliko siku nyingine. Lakini kuna kupwa na kujaa kwingine ambako hakuna mtu awezaye kukuona katika uhai wake, kwa kuwa mzunguko wake mmoja huchukua miaka elfu nyingi. Chanzo chake si mwezi bali ni barafu.

Njia ya dunia kulizunguka jua na mwinamo wa mhimili wake hubadilika polepole. Mwanahesabu wa Serbia, Milutin Milanković, alitumia miaka mingi ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 kupiga hesabu za mabadiliko hayo, akaonyesha kwamba huongeza au kupunguza joto la jua lifikalo sehemu za kaskazini wakati wa kiangazi. Joto hilo linapopungua, theluji ya mwaka mmoja haiyeyuki yote kabla ya theluji ya mwaka unaofuata, na baada ya maelfu ya miaka hujengeka milima ya barafu juu ya nchi kavu. Maji ya barafu hiyo hutoka baharini. Katika kipindi cha miaka laki kadhaa iliyopita mzunguko huo umejirudia takriban kila miaka 100,000.

Enzi ya mwisho ya barafu ilifikia kilele chake baina ya miaka 26,500 na 19,000 iliyopita. Wakati huo uso wa bahari ulikuwa chini ya ulipo leo kwa meta 120 au zaidi. Mkondo ulio baina ya Unguja na bara hauna kina kikubwa, kwa hiyo ulikauka, na Unguja ikawa sehemu ya bara. Ushahidi wake umefukuliwa katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, ambako wanaakiolojia wamepata mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama ambao hawangeweza kufika huko kwa kuogelea. Pemba, kwa upande wake, iliendelea kuwa kisiwa, kwa sababu mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya meta.

Mambo hayo huelezwa mara nyingi kwa upande wa wanyama wa nchi kavu, ambao walipata njia mpya. Ni mara chache kuelezwa kwa upande wa wanyama wa baharini, ambao walipoteza makazi. Kandokando ya sehemu kubwa ya pwani ya Afrika ya Mashariki tandiko la maji machache ni jembamba. Baada ya kilometa chache tu chini ya bahari hushuka ghafla hadi vilindini. Maji yalipopungua kwa meta 120, ukingo wa bahari ulisogea mpaka kwenye mteremko huo mkali, na viwanja vya nyasi vilivyokuwa vimeenea katika mikondo na ghuba vikawa nchi kavu. Nguva hakuwa na budi kuhamia katika vipande vichache vya malisho vilivyosalia. Kisha barafu ikayeyuka, bahari ikajaa tena, na kiasi cha miaka 10,000 iliyopita Unguja ikawa kisiwa. Malisho yakapanuka, na nguva naye akaenea upya.

Maandishi yaliyomo katika chembe hai

Je, mambo ya zamani kiasi hicho hujulikanaje? Katika kila chembe hai ya mwili mna nyuzi ndefu za DNA, ambazo zinabeba maagizo ya urithi yaitwayo jeni. Mzazi anapompa mtoto urithi wake, nyuzi hizo hunakiliwa, na katika kunakili hutokea makosa machache, kama yale ya karani anayenakili kitabu kirefu kwa mkono. Makosa mengi hayadhuru wala hayafaidii. Huendelea kurithiwa tu kutoka kizazi hadi kizazi. Kadiri miaka inavyopita, ndivyo yanavyozidi kukusanyika. Kwa hiyo ukilinganisha DNA ya wanyama wawili na kuhesabu tofauti zilizomo, unaweza kukisia ni muda gani umepita tangu walipokuwa na bibi mmoja.

Sehemu moja ya DNA hurithiwa kwa mama peke yake. Hiyo imo katika viungo vidogo vya chembe hai viitwavyo mitokondria. Kwa kuwa haichanganyiki na ya baba, hufuata ukoo wa kike moja kwa moja, kama jina la ukoo lingefuatwa kwa mama na binti yake bila kukatika. Faida nyingine ni kwamba nakala zake ni nyingi katika kila chembe, hivyo yaweza kupatikana hata katika mfupa au kipande cha ngozi kilichokaa makumbusho kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 2011 Heng Li na Richard Durbin walitangaza njia nyingine, ambayo kwa kutumia DNA yote ya mnyama mmoja peke yake huonyesha ukubwa wa kundi la wazee wake katika nyakati mbalimbali. Msingi wake ni kwamba kila mnyama ana nakala mbili za urithi wake, moja ya baba na nyingine ya mama. Nakala hizo zikilinganishwa, kuna sehemu zinazofanana kabisa na sehemu zinazohitilafiana sana. Kila sehemu ina historia yake, nayo hueleza ni lini nasaba ya baba na nasaba ya mama zilikutana kwa mzee mmoja. Ikiwa sehemu nyingi zinakutana katika kipindi kimoja, maana yake ni kwamba katika kipindi hicho kundi lilikuwa dogo, kama vile katika kijiji kidogo watu hugundua upesi kwamba ni ndugu.

Wingi wa tofauti za urithi zilizomo ndani ya kundi ndio uitwao anuwai ya jeni. Ni akiba ambayo viumbe huitegemea magonjwa yanapozuka au mazingira yanapobadilika, kwa sababu katika kundi lenye tofauti nyingi yamkini watakuwamo wachache walio tayari kuistahimili hali mpya.

Hesabu ya hasara

Kupungua kwa akiba hiyo hufuata kanuni nyepesi. Katika kila kizazi kundi hupoteza sehemu ya anuwai yake inayolingana na moja gawanya kwa mara mbili ya idadi ya wanaozaa. Kundi la wazazi 50 hupoteza asilimia 1 kwa kizazi. Kundi la wazazi 500 hupoteza sehemu moja katika elfu.

Hasara hiyo kwa kizazi kimoja ni ndogo, lakini enzi ya barafu si kizazi kimoja. Tuchukue kwa mfano mnyama ambaye kizazi chake ni miaka 25. Katika miaka 7,500 ya kilele cha barafu vilipita vizazi 300. Kundi la wazazi 5,000 lililodumu muda wote huo lingepoteza asilimia 3 tu ya anuwai yake. Kundi la wazazi 500 lingepoteza robo. Kundi la wazazi 50 lingebakiwa na asilimia 5 tu ya anuwai liliyoanza nayo. Kwa hiyo jambo kubwa si kwamba malisho yalipungua, bali yalipungua kwa kiasi gani na kwa muda gani, na kama makundi yaliyobaki yaliweza kukutana au yalitengwa.

Hapo ndipo tabia ya nchi ya zamani inapouachia urithi wa wanyama alama zake. Inapofunga njia, nasaba hutengana na kila moja hujilimbikizia tofauti zake. Inapobana makazi, anuwai hupungua. Inapofungua makazi mapya, wahamiaji wachache huanzisha makundi mapya kwa sehemu tu ya urithi wa kule walikotoka. Nguva anayo mifano ya hali zote hizo.

Nchi kavu ya Torres na Ghuba iliyokauka

Baina ya Australia na kisiwa cha New Guinea upo Mlangobahari wa Torres, ambao leo ni makazi ya kundi kubwa kuliko yote ya nguva duniani. Maji yake ni machache mno. Katika enzi ya barafu palikuwa nchi kavu iliyoziunganisha nchi hizo mbili, na bahari haikulifunika daraja hilo mpaka kiasi cha miaka 8,000 iliyopita. Uchunguzi wa DNA ya mitokondria ya nguva wa Australia, uliotangazwa mwaka 2014, ulionyesha kuwapo kwa koo mbili za kike zilizo mbali baina yao. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba koo hizo zilitenganishwa na nchi kavu ya Torres wakati bahari ilipokuwa chini, moja ikibaki mashariki na nyingine magharibi. Maji yalipofungua njia, koo zikakutana tena, na leo huonekana pamoja katika baadhi ya sehemu za pwani. Hata hivyo kuchanganyika huko hakujakamilika, ingawa njia imekuwa wazi kwa miaka elfu kadhaa.

Mfano wa pili ni Ghuba iliyo baina ya Uajemi na Uarabuni. Wastani wa kina chake ni meta 35 tu. Katika kilele cha enzi ya barafu Ghuba yote ilikuwa bonde kavu, na maji ya mito ya Tigris na Euphrates yalipita humo kuelekea Hormuz. Bahari ilianza kurudi kiasi cha miaka 14,000 iliyopita, ikaendelea kujaza bonde hilo kwa maelfu ya miaka. Basi kila nguva aishiye katika Ghuba leo ni mzao wa wahamiaji. Nao hawakukawia: katika kisiwa cha Akab, katika nchi ya Falme za Kiarabu, wanaakiolojia wamekuta lundo la mifupa ya nguva wapatao 40, lililopangwa na watu zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Siku hizi Ghuba inakisiwa kuwa na maelfu ya nguva, na ni eneo la pili kwa wingi baada ya Australia. Kwa hiyo nguva si mnyama asiyeweza kujirekebisha. Akipewa malisho, njia na wakati, huenda na kustawi.

Mfano wa tatu ni wa kwetu. Mwaka 2019 ulitangazwa uchunguzi uliotumia mifupa, meno na ngozi za nguva zilizohifadhiwa katika makumbusho ya nchi mbalimbali, nyingine zikiwa zimekusanywa katika karne ya 19. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba nguva wa magharibi mwa Bahari ya Hindi wana nasaba zilizo mbali na zile za Australia na za visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, na kwamba wale wa Bukini na Komoro wana alama zao wenyewe. Waandishi waliona katika mtawanyiko huo athari ya kupanda na kushuka kwa bahari kulikokuwa kukiyatenga makundi mara kwa mara.

Matokeo hayo ndiyo jibu la swali la mwanzo. Nguva wa Australia na nguva wa Rufiji ni wa aina moja, lakini si nakala ya wenzao. Nasaba hizi za magharibi zilipitia kupwa na kujaa kwa bahari katika pwani nyembamba yenye mito mikubwa na pepo za msimu, wala hazipo penginepo. Zikipotea hazitarudishwa kwa kuleta nguva wa kutoka mbali, kama vile msamiati wa lugha iliyokufa usivyorudi kwa kuleta wasemaji wa lugha nyingine.

Sili wa kusini na nyangumi muuaji

Mambo haya hayamhusu nguva peke yake. Katika pwani ya Victoria, kwenye bara la barafu la kusini, hakuna sili-tembo wanaozaa leo. Lakini baridi ya huko imehifadhi mifupa na ngozi zao, nazo zimeeleza kisa kizima. Barafu iliporudi nyuma kiasi cha miaka 8,000 iliyopita na kuacha fukwe wazi, sili walifika kutoka kisiwa cha Macquarie, umbali wa kilometa 2,500, wakaanzisha kundi jipya. Kundi hilo lilikua na kuwa na anuwai kubwa ya jeni. Kisha, kiasi cha miaka 1,000 iliyopita, barafu ilirudi, fukwe zikafungika, na kundi likatoweka pamoja na sehemu kubwa ya anuwai hiyo.

Nyangumi muuaji naye huonyesha upande mwingine. Yeye hupatikana katika bahari zote, na mtu angetarajia kwamba angekuwa na anuwai kubwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014 ulikuta kinyume chake: makundi mengi yana anuwai ndogo, yenye alama za kupungua sana wakati wa enzi ya mwisho ya barafu. Lililotofautiana ni kundi la Afrika Kusini, ambalo lilikuwa na anuwai kubwa kuliko mengine. Sababu iliyotolewa ni mkondo wa Benguela. Huko maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka vilindini, na inaelekea hali hiyo ilidumu bila kuvurugika sana wakati bahari nyingine zilipobadilika. Mahali palipotulia palihifadhi akiba ambayo penginepo ilipotea.

Onyo la ng'ombe-bahari

Nguva alikuwa na ndugu mmoja wa karibu katika bahari za baridi za kaskazini. Mwaka 1741 jahazi la mvumbuzi Vitus Bering lilivunjika katika kisiwa ambacho sasa kina jina lake, baina ya Siberia na Alaska. Miongoni mwa walionusurika alikuwamo mtaalamu wa viumbe, Mjerumani Georg Steller. Ndiye aliyeandika habari za mnyama mkubwa ajabu aliyekula mwani wa pwani, mwenye urefu wa meta 8 hivi na uzito wa tani kadhaa, mpole na mzito wa kukimbia. Wawindaji wa ngozi waliofuata walimchinja kwa ajili ya nyama. Kufikia mwaka 1768, yaani miaka 27 tu baada ya Steller kumwona, ng'ombe-bahari huyo alikuwa amekwisha.

Kwa muda mrefu kisa hicho kilisimuliwa kuwa kazi ya binadamu peke yake. DNA iliyosomwa kutoka katika mifupa yake na kutangazwa mwaka 2021 imeongeza sura nyingine. Kundi lake lilikuwa limeanza kupungua mamia ya maelfu ya miaka kabla ya watu kufika katika pwani hizo, wakati baridi na mabadiliko ya kina cha bahari yalipokuwa yakiyabana makazi yake. Wale aliowakuta Steller walikuwa mabaki ya kabila lililokuwa limeenea pwani kubwa. Mabadiliko ya tabia ya nchi yaliwafikisha ukingoni. Chusa za wawindaji zikawasukuma.

Je, uchache wa anuwai ni hukumu ya kifo?

Kutokana na kisa hicho mtu angeweza kukata shauri kwamba mnyama akishapungukiwa na anuwai hana dawa, na kwamba juhudi za kumlinda ni kupoteza mali. Ushahidi mwingine unapinga shauri hilo.

Katika Ghuba ya California, nchini Meksiko, yumo mnyama mdogo wa jamii iliyo karibu na pomboo, aitwaye vakita. Waliobaki hawazidi 20. Uchunguzi wa DNA yake uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba anuwai yake ni ndogo, lakini imekuwa hivyo kwa zaidi ya miaka laki mbili. Kwa kuwa kundi lilikuwa dogo tangu kale, jeni nyingi zenye madhara makubwa zilikwisha kuchujwa. Wataalamu walipopiga hesabu walikuta kwamba vakita anao uwezekano mkubwa wa kupona endapo tu nyavu za kutega zitaondolewa kabisa katika maji yake. Kinachomuua si urithi wake. Ni nyavu.

Haifai kumchukulia nguva kuwa ni vakita mwingine. Mnyama ambaye zamani alikuwa mwingi kisha akapungua ghafla huenda amebeba jeni mbovu zilizojificha, ambazo hujitokeza ndugu wanapozaana. Lakini fundisho la vakita linasimama: anuwai ndogo ni sababu ya kuharakisha ulinzi, wala si sababu ya kuuacha.

Tofauti ya zamani na sasa

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa nguva alivuka enzi za barafu nyingi, kwa nini asivuke na mabadiliko ya sasa? Jibu liko katika mwendo wa mambo, na katika njia.

Bahari ilipopanda baada ya enzi ya barafu ilichukua zaidi ya miaka 10,000 kufika ilipo. Malisho yalihama polepole, na nguva akayafuata kizazi baada ya kizazi. Joto la sasa halina mwendo huo. Katika kiangazi cha mwaka 2010 na 2011 wimbi la joto lilipita katika bahari ya magharibi mwa Australia, na katika Ghuba ya Shark zaidi ya theluthi moja ya viwanja vya nyasi vikaharibika. Huo ulikuwa msimu mmoja tu. Mwaka huohuo, upande wa pili wa bara hilo, mafuriko na tufani katika jimbo la Queensland viliziua nyasi kwa tope, na nguva wengi wakafa kwa njaa.

Pili, zamani malisho yalipofungika hapa yalifunguka pale, na baina yake hapakuwa na kizuizi ila umbali. Leo njia ya nguva kutoka Bazaruto hadi Kilwa, na kutoka Kilwa hadi Lamu, imetandikwa nyavu. Jarife lililotegwa kwa ajili ya papa na taa halichagui. Nguva anaponasa hufa kwa kukosa pumzi, kwa kuwa hana budi kupanda juu kila baada ya dakika chache. Tope litokalo katika mashamba na mabonde ya mito huzifunika nyasi, na makokoro huzing'oa.

Tatu, nguva huzaa polepole. Jike huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka 6 hadi 17, hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka, huzaa mtoto mmoja, kisha hupitisha miaka 3 hadi 7 kabla ya kuzaa tena. Hata malisho yakiwa tele na adui hayupo, kundi haliwezi kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 5 hivi kwa mwaka. Katika kundi la nguva 20, jike mmoja akifa katika jarife huwa limeondoka ongezeko la mwaka mzima. Tena hesabu ya hasara haikomi hapo, kwani huondoka pia na ukoo wake wa kike, ambao huenda hakuna mwingine aliyeubeba.

Yanayobaki mikononi mwa watu

Hakuna serikali iwezayo kuamuru barafu isiyeyuke kwa sheria ya nchi moja. Lakini mengi yanayoamua kama nguva wa magharibi ataishi yako karibu zaidi. Viwanja vya nyasi vya Rufiji, Mafia na Kilwa vyaweza kupimwa na kuchorwa ramani, ili ijulikane ni vipi vinavyostahimili joto na tope. Hivyo ndivyo vitakavyokuwa kwa nguva kama Benguela ilivyokuwa kwa nyangumi muuaji. Majarife yaweza kuondolewa katika viwanja hivyo, kwa makubaliano na wavuvi wanaoyategemea na kwa kuwapa zana nyingine. Na kila nguva anayekutwa amekufa ufukoni aweza kutoa kipande kidogo cha ngozi kwa ajili ya maabara, kwa maana katika kipande hicho imo historia ambayo hakuna mzee wa pwani awezaye kuisimulia.

Kwa miaka elfu nyingi bahari ilipwa na kujaa, na nguva wa pwani hii akaenda nayo na kurudi nayo. Alipoteza sehemu ya urithi wake katika kila kupwa, akaeneza kilichobaki katika kila kujaa. Leo bahari imejaa na malisho bado yapo. Wanaohitajiwa ni nguva wenyewe wa kuyala, nao wakitoweka katika maji ya Rufiji na Bazaruto, kujaa kokote kwa bahari hakutawarudisha.